Kapu Lisilolipiwa Ushuru

Mchuuzi aletaye nyanya, samaki au maembe katika soko la mji wowote wa nchi yetu aghalabu hupokewa na mtoza ushuru kabla ya kupokewa na mnunuzi. Hapana aonaye ajabu kwa jambo hilo, maana soko lina mapaa ya kuezekwa, mifereji ya kuzibuliwa na walinzi wa kulipwa. Lakini tuseme siku moja serikali itangaze ya kuwa kila mchuuzi ana ruhusa ya kuingiza kapu moja kila mwaka bila ya kutozwa chochote, na ya kuwa faida itakayopatikana ndani ya kapu hilo haitaguswa na mtoza ushuru hata likikaa sokoni miaka hamsini. Bila shaka watu wangeuliza maswali mengi. Kapu lenyewe ni kubwa kadiri gani? Laruhusiwa kutiwa nini? Na mtu aliye na nyanya tatu tu afaidi nini kwa ruhusa hiyo?

Kapu la namna hiyo lipo, ila haliko kwetu. Liko Uingereza, na kitiwacho ndani yake si nyanya bali ni fedha, hisa za makampuni na mifuko ya uwekezaji. Waingereza huliita kwa herufi tatu, ISA. Kwa Kiswahili twaweza kuliita akaunti ya akiba isiyotozwa kodi. Sikulijua kwa kusafiri, maana sijavuka bahari. Nimelijua kwa sababu dada yangu mkubwa ni muuguzi katika hospitali moja mjini Leeds, na mwezi wa Machi 2025 alinitaka nimsaidie kufikiri. Mimi nilitoka chuo cha ualimu na hesabu za faida na riba kichwani, nazo nimezifundisha darasani zaidi ya miaka kumi. Juu ya hisa za Uingereza sikuwa nimefundishwa hata neno moja. Basi tukajifunza pamoja, yeye baada ya zamu ya usiku, mimi baada ya kusahihisha madaftari, na simu ikiwa daraja baina yetu.

Dada yangu aliondoka nchini mwaka 2022, katika kundi la wauguzi waliofuata mapatano ya Julai 2021 baina ya serikali ya Kenya na ya Uingereza. Kwa kujinyima alikuwa amekusanya pauni 3,000. Pauni moja wakati ule ilikuwa zaidi ya shilingi 160. Kwa hiyo katika masikio ya watu wa nyumbani kwetu Kilifi fedha hizo zilikuwa mali nyingi, na mali nyingi haikosi wenyewe. Mama yetu alikuwa na nyumba ya makuti yaliyooza, na masika yalikuwa mlangoni. Mjomba alikuwa na habari ya kiwanja kilichotaka kununuliwa upesi kabla mwenyewe hajabadili nia. Mtu asiyejulikana alimpelekea dada yangu ujumbe wa simu akimwahidi faida ya asilimia 10 kila mwezi. Na muuguzi mwenzake wa huko alimwambia ya kuwa tarehe 5 Aprili mlango wa mwaka wa kodi ungefungwa, na asiyetia kitu katika kapu lake kabla ya siku hiyo amepoteza nafasi ya mwaka mzima. Mwaka wa kodi wa Waingereza huanza tarehe 6 Aprili. Asili ya tarehe hiyo ngeni yarudi hadi mageuzi ya kalenda yao ya mwaka 1752, lakini tusipotelee huko.

Hivyo mvua na kodi zilimjia kwa pamoja, kila moja ikimwambia afanye haraka.

Nilianza na lililo jepesi, yaani ule ujumbe wa asilimia 10. Sikumhubiria dada yangu, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa na mimi mdogo; nilimwomba tu apige hesabu pamoja nami. Pauni 1,000 zikizaa asilimia 10 kwa mwezi, na faida ikiachwa izae faida, baada ya mwaka mmoja huwa zaidi ya pauni 3,100. Baada ya miaka mitano huwa zaidi ya pauni 300,000. Mtu aliye na mti uzaao namna hiyo hana haja ya pauni elfu za muuguzi. Angekaa chini ya mti wake akachuma. Dada alicheka, akaufuta ujumbe. Nawaomba wanafunzi waijaribu hesabu hiyo wenyewe kwa kalamu, maana ujumbe wa aina hiyo utawafikia nao pia.

Lililobaki halikuwa jepesi hivyo. Ilitupasa kwanza tujue kapu hili lilitoka wapi na latakiwa lifanye nini. Mwaka 1986 Waziri wa Fedha wa Uingereza, Nigel Lawson, alitangaza mpango wa kuwavuta raia wa kawaida wanunue hisa bila ya kutozwa kodi juu ya faida yake, nao ukaanza mwaka uliofuata. Tarehe 6 Aprili 1999, Gordon Brown akiwa ndiye Waziri wa Fedha, ISA ilichukua mahali pa mpango huo. Katika mwaka wake wa kwanza mtu aliruhusiwa kutia pauni 7,000. Tangu Aprili 2017 kipimo kimekuwa pauni 20,000 kwa mwaka. Asiyekijaza kipimo cha mwaka huu hawezi kudai mwakani aongezewe kilichobaki. Mtu aweza kutia fedha taslimu zikazaa riba kama katika benki, au aweza kununua hisa na mifuko. Akitaka kutoa fedha zake, kwa kawaida hazuiwi wala hatozwi kodi. Ila katika akaunti nyingi akitoa leo, nafasi aliyokwisha kuitumia mwaka huo hairudi.

Serikali haitoi sadaka kwa haya. Yataka watu wajiwekee akiba ya uzeeni ili wasiwe mzigo, na yataka makampuni yapate mtaji. Mwezi wa Novemba 2025 ilitangazwa ya kuwa kuanzia Aprili 2027 mtu aliye chini ya umri wa miaka 65 asitie katika ISA ya fedha taslimu zaidi ya pauni 12,000 kwa mwaka, ingawa kipimo cha jumla kimebaki pale pale. Maana yake ni kumsukuma mwananchi, kwa upole, kuelekea kwenye hisa. Msukumo huo waweza kuwa wa heri, lakini waziri aupangapo haijui nyumba ya makuti ya Kilifi.

Jambo lililotuchukua siku nyingi kulielewa, na ambalo hata wenzake dada wengi hawakuwa wamelielewa, ni hili: kapu si samaki. Watu husema, "Nimenunua ISA," kama kwamba ISA ni kitu chenye faida ndani yake. ISA haina faida wala hasara. Ni chombo tu. Atiaye samaki wazuri atatoa wazuri; atiaye waliooza atatoa waliooza, na msamaha wa kodi hautaondoa uvundo. Kwa hiyo swali la kwanza si kufungua kapu bali ni kujua kitakachowekwa humo.

Hisa ni sehemu ya mali ya kampuni. Ukiwa na hisa moja ya kampuni yenye hisa milioni moja, wewe ni mwenye kampuni kwa sehemu moja katika milioni: ikipata faida na kuigawa, wapata gawio lako, ikifilisika, sehemu yako yaweza kuwa karatasi tupu. Wanafunzi wangu huchanganya hisa hizi na hisa za Sacco. Katika Sacco bei ya hisa haipandi na kushuka kila saa, wala huendi kuiuza katika soko la hisa. Hisa za sokoni zina bei ya leo, na bei ya leo yaweza isiwe ya kesho.

Kwa kuwa kampuni moja yaweza kuanguka, watu walitafuta njia ya kugawanya hatari. Mjini London mwaka 1868 ulianzishwa mfuko uitwao Foreign and Colonial, ambao wengi wauhesabu kuwa wa kwanza wa namna yake uliobaki hata leo. Shabaha yake ilikuwa mtu mwenye fedha kidogo apate kutawanya mali yake katika mahali pengi kama afanyavyo tajiri. Sisi twaielewa haraka habari hii kwa sababu tuna vyama. Akina mama kumi wakichanga, chama hununua kile ambacho hakuna mmoja wao angeweza kukinunua peke yake. Mfuko wa uwekezaji ni chama cha watu wasiojuana, chenye mwekahazina anayelipwa. Na tatizo la chama kikubwa ni lile lile la chama kidogo: mwekahazina ataka kiasi gani kwa kazi yake?

Huko Marekani mwaka 1976 John Bogle wa kampuni ya Vanguard aliwafungulia watu wa kawaida mfuko usiomlipa mtaalamu achague makampuni bora. Ulinunua kidogo kidogo katika makampuni yote yaliyomo katika orodha moja kubwa, na kwa kuwa haukuwa na mchaguaji wa kulipwa sana, ada yake ilikuwa ndogo. Wengi walimcheka. Siku hizi mifuko inayofuata soko zima namna hiyo imejaa duniani, na ndiyo iliyomvutia dada yangu, maana alisema hana saa wala elimu ya kuchunguza kampuni moja moja baada ya kusimama saa kumi na mbili wodini.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu habari ya ada ndiyo iliyonistaajabisha kuliko ya kodi. Kampuni moja mashuhuri ya huko ilitaka pauni 4 kila mwezi kwa kumtunzia mtu akaunti ndogo. Pauni 4 ni bei ya kikombe cha kahawa na andazi, nani atazijali? Lakini pauni 4 kwa mwezi ni 48 kwa mwaka, na 48 katika 1,000 ni karibu asilimia 5. Mwenye pauni 100,000 halihisi jambo hilo. Mwenye 1,000 hunyofolewa karibu kila kilichoota. Kampuni nyingine ilitaka sehemu ya mia ya fedha zilizomo, chini ya nusu ya asilimia moja, na hiyo ilimfaa zaidi mtu mdogo. Juu ya hayo kuna ada ya mfuko wenyewe, na anunuaye hisa za makampuni ya Uingereza kwa kawaida hulipa ushuru wa stempu wa nusu asilimia hata zikiwa ndani ya kapu. Maana yake kapu lisilolipiwa ushuru nalo lina ushuru wake mdogo mlangoni.

Tulifanya hesabu hii. Pauni 1,000 zikikua kwa asilimia 6 kila mwaka kwa miaka 30 huwa pauni 5,743. Zikikua kwa asilimia 5 huwa pauni 4,322. Tofauti ya asilimia moja, inayoonekana kama vumbi, imekula pauni 1,421, yaani zaidi ya mtaji wote wa mwanzo. Hakuna aliyetuahidi asilimia 6 wala 5. Hesabu hii si utabiri, ni kipimo tu cha meno ya ada. Bandu bandu huisha gogo, na seremala wa gogo hili hafanyi kelele.

Nikaja kwenye kodi yenyewe, nami nilipomweleza dada nilichokiona alikasirika. Mtu mwenye pauni 800 katika mfuko unaotoa gawio la asilimia 1 na nusu hupata pauni 12 kwa mwaka. Sheria ya Uingereza ilikuwa ikisamehe pauni 500 za kwanza za gawio hata nje ya kapu, na pauni 3,000 za kwanza za faida ya kuuza. Kwa hiyo kodi ambayo dada yangu angeiokoa katika mwaka wake wa kwanza ilikuwa sifuri. Si ndogo, sifuri.

"Basi mdogo wangu, tunahangaikia nini?" aliniuliza. "Mwenzangu ameniambia nitapata hasara nisipofungua kabla ya tarehe 5, nawe waniambia sina ninachookoa."

Wote wawili walikuwa na haki. Mwenzake alisema kweli, ila alikuwa akiutazama mwisho wa safari. Mimi nilikuwa nikiitazama hatua ya kwanza. Msamaha wa nje ya kapu haukusimama mahali pamoja. Faida ya kuuza iliyosamehewa ilikuwa pauni 12,300 hadi mwaka wa kodi ulioisha Aprili 2023. Ikashushwa kuwa 6,000, na Aprili 2024 ikawa 3,000. Gawio lililosamehewa lilikuwa pauni 5,000 mwaka 2016. Likawa 2,000, kisha 1,000, kisha 500. Walio nje ya kapu waliuona ukuta ukisogea kila msimu; waliokuwa ndani hawakuguswa.

Tena tulihesabu pauni 50 kila mwezi kwa miaka 25. Jumla ya zitakazotiwa ni 15,000. Zikikua kwa asilimia 5 kwa mwaka zitakaribia 29,800, na faida itakuwa karibu 14,800. Mtu akiuza zote kwa mara moja nje ya kapu, kwa kanuni za mwaka 2025 na kiwango cha chini cha asilimia 18, atatoa kodi ya zaidi ya pauni 2,000. Ndani ya kapu hatoi kitu. Yaani msamaha ambao ni sifuri mwaka wa kwanza waweza kuwa bei ya ng'ombe kadhaa mwaka wa ishirini na tano. Lakini wamfaa yule tu atakayefika huko, na hapo ndipo swali la mama na makuti liliporudi.

Fedha zitakazohitajiwa mwaka huu au mwakani hazina kazi katika hisa. Huenda bei ikawa imeshuka siku ile ile paa livujapo, na mtu akalazimika kuuza kwa hasara. Kwa hiyo tulianza kwa kutenga, wala hatukuanza na kapu. Pauni 1,200 zilikuja Kilifi kwa mabati, mbao na fundi. Mjomba alijibiwa kwa adabu ya kuwa kiwanja hakikuwa katika uwezo wetu mwaka huo, naye akanuna wiki mbili. Pauni 1,000 zilibaki benki huko huko Leeds, mahali pa kutolewa siku yoyote, kwa nauli ya ghafula au maradhi. Zikabaki 800. Mama aliposikia ya kuwa kapu lachukua 20,000 na binti yake atia 800, alisema, "Mwanangu, hiyo ni haba ya chini ya kibaba." Mimi sikuiona haba kuwa aibu. Sheria haimdai mtu akijaze kipimo, na tangazo lisemalo "tumia nafasi yako yote" limeandikwa na mtu anayepata ada.

Kufungua kwenyewe kulikuwa kazi ya nusu saa kwa simu. Alihakikisha kwanza ya kuwa kampuni imo katika daftari la Financial Conduct Authority, mamlaka inayosimamia biashara ya fedha huko. Akatoa jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa na nambari yake ya Bima ya Taifa. Akathibitisha ya kuwa ni mkazi wa Uingereza na umri wake umezidi miaka 18. Akaunganisha akaunti yake ya benki. Alichagua mfuko mmoja unaonunua makampuni ya nchi nyingi za dunia. Hiyo ilikuwa siku ya 25 Machi. Akaamuru pia pauni 50 zitoke kila mwezi siku moja baada ya mshahara, kabla hazijaonekana na macho.

Hazikupita wiki mbili. Tarehe 2 Aprili 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitangaza ushuru mpya juu ya bidhaa za karibu nchi zote za dunia, na masoko ya hisa yakaporomoka. Tarehe 4 Aprili orodha ya makampuni 100 makubwa ya London ilipoteza karibu asilimia 5 kwa siku moja, anguko ambalo halikuwa limeonekana tangu Machi 2020. Pauni 800 za dada yangu zikawa karibu 710. Alinipigia simu usiku wa manane, naye ni mtu asiyelia ovyo. Pauni 90, alisema, ni saa nyingi za zamu ya usiku: ni wagonjwa ishirini na wanne kuwageuza, kuwapa dawa na kuwasikiliza. Alitaka kuuza kabla hazijaisha.

Sikuwa na uwezo wa kumwambia ya kuwa bei zingerudi. Nani ajuaye? Nilimwuliza maswali mawili tu. La kwanza, mabati ya mama yamekwisha kulipwa? Yamelipwa. La pili, zile 1,000 za benki zipo? Zipo. "Basi dada, fedha hizi wazihitaji kwa kazi gani kesho?" Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema aenda kulala. Hakuuza. Kufikia mwezi wa Julai hesabu yake ilikuwa imepita pale ilipoanzia, pamoja na pauni 50 za kila mwezi, ambazo zile za Aprili zilinunua vipande vingi zaidi kwa kuwa bei ilikuwa chini.

Naogopa mwanafunzi asomaye haya asije akadhani ya kuwa kila anguko hupona kwa miezi mitatu. Orodha ile ile ya London ilifika 6,930 tarehe 30 Desemba 1999, mwaka ule ule ISA ilipozaliwa, na haikukipita kilele hicho mpaka Februari 2015. Miaka kumi na mitano! Mtoto aliyezaliwa siku ya kilele alikuwa amekwisha kubalehe. Waliopata gawio katika miaka hiyo hawakutoka mikono mitupu, lakini aliyeweka karo ya mwanawe humo alijuta. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia ya kuwa hisa ni kamari, wala sikubali akiniambia ya kuwa ni akiba sawa na benki. Ni umiliki wa biashara, na biashara zina misimu.

Nasi huku tuna nini? Wanafunzi huniuliza swali hilo kila mara, na hulijibu kwa furaha. Soko la hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, na katika miaka yake ya kwanza Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua na kuuza humo. Uhuru uliufungua mlango huo. Siku kubwa kuliko zote katika kumbukumbu za watu wa kawaida ni mwaka 2008, serikali ilipouza sehemu ya hisa za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Kima cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Watu zaidi ya laki nane waliomba; wengine walikopa benki. Maombi yalizidi sana hisa zilizokuwapo, hata kila mmoja akapewa sehemu ndogo ya alizotaka. Mwaka uliofuata bei ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3, na wengi wakauza kwa uchungu, hasa wenye mikopo. Mwaka 2021 bei ile ilipita shilingi 40. Mwaka 2023 ikarudi chini ya 15. Hisa ni ile ile na kampuni ni ile ile. Aliyepata na aliyekosa walitofautiana kwa fedha waliyoitumia na muda walioweza kungoja.

Kapu kama la Waingereza hatuna. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalitambui. Kwa sheria ilivyokuwa mwaka 2025, faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa katika soko la Nairobi haikutozwa kodi, na gawio lilikatwa asilimia 5 tu kwa mkazi wa nchi. Hati fungani za miundombinu zilitolewa bila ya kodi juu ya riba yake. Ile ya Februari 2024, ya miaka minane na nusu, ilikuwa na riba ya asilimia 18.46. Hata M-Akiba, hati iliyouzwa kwa simu mwaka 2017 kuanzia shilingi 3,000, ilitoa asilimia 10 bila kukatwa. Kwa Waingereza msamaha umefungwa kwenye kapu. Kwetu umefungwa kwenye samaki. Mkenya aulizaye, "Wapi nifungue akaunti isiyo na kodi?" angeuliza vema zaidi, "Ni kitu gani kisichotozwa kodi, na je, chanifaa?" Aliyetimiza miaka 18 na mwenye kitambulisho aweza kufungua akaunti ya kuhifadhia hisa kwa mkono wa dalali aliyeruhusiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mimi nilifungua yangu mwezi wa Agosti, kwa shilingi 6,000.

Dada yangu ana mashaka yaliyobaki. Ataka kurudi nyumbani siku moja. Akiacha kuwa mkazi wa Uingereza kapu lake litabaki na msamaha wake huko, lakini hataruhusiwa kuliongeza. Na nchi nyingine yoyote atakayokaa haifungwi na msamaha wa Waingereza. Alitamani kumfungulia mwanawe ISA ya watoto, iliyoanzishwa Novemba 2011; haikuwezekana, kwa kuwa mtoto yuko Kilifi na bibi yake, na kapu hilo ni la watoto wakaao Uingereza. Mwezi wa Desemba 2025 hakutia pauni 50 zake, kwa sababu alikata tikiti ya kuja kumwona. Januari pia hakutia. Alianza tena Februari, kwa pauni 40.